Kupima Maji kwa Mguu wa Yangeyange

Saa moja na dakika kumi na saba asubuhi, tairi la mbele la kushoto lilianza kushuka. Dakika ninaijua kwa sababu daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na dakika tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "1:14. Yangeyange mdogo, mmoja. Maji juu kidogo ya goti. Panapitika."

Hapakupitika.

Nawaandikia nyie mnaoanza kazi ya kuendesha wageni wanaokuja kutazama ndege huku kwetu Katavi. Nimeifanya miaka kumi na moja, na kabla ya hapo nilikuwa dereva wa pikapu ya dagaa, Kapalamsenga hadi Mpanda, kwa hiyo najua tofauti ya mzigo unaonyamaza na mzigo unaouliza maswali. Mwaka jana mgongo ulikataa, nikarudisha funguo. Sasa nalima mpunga Mwamkulu. Sina cheti cha ndege hata kimoja. Nina kitabu kimoja cha picha ambacho mgeni alikisahau kwenye siti na hakukirudia, na nina madaftari kumi na tisa.

Nianze na ardhi, maana dereva wa ndege huanza na ardhi. Mbuga yetu ni udongo mweusi. Kiangazi unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono kwenye nyufa, masika unakuwa uji. Mto Katuma ukijaa unamwaga maji pande zote, na mahali palipokuwa njia Oktoba panakuwa makazi ya kambale Aprili. Mgeni anaona uwanda wa kijani na maji yanayong'aa. Wewe unatakiwa uone ni wapi gari la tani tatu litasimama.

Ndege wanakuonyesha. Sisemi hili kwa ushairi. Yangeyange, yule ndege mweupe wa majini, ana miguu, na miguu ina urefu. Akisimama majini, unatazama maji yamefika wapi kwenye mguu wake. Kile tunachokiita goti ni kisigino kwa kweli, kitabu kinaeleza vizuri, lakini kwa kazi yetu kiite goti. Kwa yangeyange mdogo, maji juu kidogo ya goti ni chini ya shubiri moja. Hayo ni maji ya mvua za juzi, mizizi ya majani chini yake bado imeshikana, unapita. Yakizidi shubiri, hayo yamekaa tangu Desemba. Mizizi imeoza. Unazunguka, hata kama kuzunguka ni dakika arobaini.

Aliyenifundisha ni Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuwa akitega samaki kando ya mto ujanani, akaishia kuwa mpishi wa kambi. Kusoma hakujua. Siku ya kwanza niliyokwenda naye mbugani nilisimamisha gari na papo hapo nikaanza kuwaeleza wageni.

"Wewe," aliniambia, "umeingia nyumba ya watu, hujabisha hodi, umeshaanza kuhutubia."

"Nifanyeje, mzee?"

"Zima gari. Hesabu mpaka mia mbili. Ndiyo ufungue mdomo."

Nilihesabu mpaka sitini nikaona hakuna kitu, nikaongea. Akanipiga kofi la bega, nikaanza upya. Nilipofika mia na arobaini na kitu, mafunjo yaliyokuwa kimya yalianza kutikisika. Kufika mia mbili nilikuwa nimeona ndege tisa ambao hawakuwepo. Walikuwepo, wananisubiri ninyamaze. Hadi leo sijapata chombo cha kuzidi mia mbili, na simu zenu nazijua.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Mwaka wa kwanza niliwaonyesha mume na mke kutoka Ujerumani bundi mkubwa juu ya kichuguu. Walimpiga picha robo saa. Mke akasema bundi huyu ana utulivu wa ajabu. Alikuwa kisiki. Madereva wenzangu walikiita kisiki kile kwa jina langu, na ukienda leo ukauliza "kisiki cha Baba Suzi", utaonyeshwa. Kosa la namna hiyo halimuumizi mtu. Ninalotaka kuwaeleza ni lile la saa moja na dakika kumi na saba.

Bosi wangu alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Shanwe, mwenye gari moja la kitalii na kichwa cha hesabu. Ndege hakuwapenda. Alisema mteja analipa kuona simba na viboko, na ndege wapo bure kwenye waya za umeme. Kwa miaka minne nilikuwa nikimwomba aiweke safari ya ndege ya asubuhi kama safari kamili, na miaka minne alikuwa akiniambia tutaona. Ndipo kampuni moja ya Arusha inayoleta wageni kwa makundi ikasema itamtuma mtu aje apande gari, aone, aamue. Mama Neema akaniita ofisini mchana, akaniambia bila kuzunguka:

"Baba Suzi, huyu mtu akisema ndiyo, tunafanya. Akisema hapana, sitaki kusikia tena habari ya ndege. Nauza hili gari, nanunua Fuso. Wewe utarudi kwenye dagaa wako."

"Atasema ndiyo."

"Na mimi napanda. Nataka nisikie mwenyewe."

Mtu huyo aliitwa Elibariki. Miaka thelathini na kitu, darubini shingoni ya bei ya ng'ombe watatu, maneno machache. Nilimchukua kwenye nyumba ya wageni saa kumi na moja kasorobo, Mama Neema akiwa mbele na chupa ya chai. Saa kumi na mbili tulikuwa langoni mwa hifadhi na bado giza totoro.

"Mbona huku hakuchi?" Elibariki akauliza. "Arusha saa hizi watu wameshaamka."

Mama Neema akajibu bila kugeuka: "Jua linaanzia kwenu, kaka. Likishachoka ndiyo linakuja huku."

Elibariki alicheka, nami nikapumua. Lakini jambo lile si mzaha, andikeni: huku jua huchomoza karibu na saa moja. Vitabu vinavyokuambia uwe mbugani saa kumi na mbili vimeandikwa kwa ajili ya mahali pengine. Ukifika mapema sana unawakurupusha waliolala, na wakishakurupuka hawarudi.

Askari wa langoni alituandikisha, akatuambia njia ya mashariki ina maji, tuangalie. Nikamwambia naijua.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Furukombe wawili wakiitana juu ya mti mkavu. Domomwiko kumi na wanne wakifagia maji kwa midomo yao bapa. Mwari, kwarara, mdiria wa aina tatu. Nilizima gari mara nne, nikahesabu mia mbili mara nne, na kila mara Elibariki alipiga vijitiki kwenye karatasi yake ya orodha ya ndege. Mara moja alitoa simu akataka kumwita ndege wa kwenye mafunjo kwa sauti ya kurekodi.

"Samahani, usipige hiyo," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Ana mayai msimu huu. Anatoka kwenye kiota aje apigane na simu yako. Simu haichoki, yeye anachoka."

Mama Neema alinikanyaga mguu. Elibariki akairudisha simu mfukoni, akasema, "Mzee, wewe ni mkali." Nilikuwa na miaka hamsini na moja, sikuwa mzee, lakini niliacha ipite.

Ndipo nikafanya kosa la kwanza, ambalo halikuonekana kuwa kosa. Nilianza kujionyesha. Nilimweleza habari ya kupima maji kwa mguu wa yangeyange. Alipenda sana. Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake. Akasema amepita mbuga nyingi na hajawahi kusikia dereva anasema hivyo. Mtu aliyejisomea peke yake kwa miaka, usiku kwa tochi na mchana kwa vumbi, akisikia maneno kama hayo kutoka kwa mtu mwenye darubini ile, kichwa kinakuwa chepesi. Nawaambia ili mjihadhari na siku mtakayosifiwa.

Saa moja na dakika kumi na mbili tuliwaona korongo wenye taji, wapatao ishirini, ng'ambo ya mkono wa maji wenye upana wa mita thelathini hivi. Walikuwa wakicheza. Wanainama, wanaruka, wanatupa majani juu. Elibariki aliketi wima.

"Tunaweza kusogea?"

Kuzunguka ni dakika arobaini, na korongo hawangesubiri. Nilitazama maji. Katikati yake alisimama yangeyange mmoja peke yake. Nikatazama mdomo: mweusi. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, mkubwa ana mdomo wa njano. Nikatafuta vidole, maana mdogo ana vidole vya njano, lakini vidole vilikuwa ndani ya maji. Nikasema mdomo unatosha. Maji juu kidogo ya goti. Nikaandika. Nikasema kwa sauti, ili asikie: "Chini ya shubiri. Panapitika."

Juu ya gari nilikuwa nimefunga fimbo ya mwanzi ya urefu wangu, kwa kazi hiyo hiyo. Kanuni yangu ilikuwa kwamba ndege anatoa shauri na fimbo inatoa ruhusa. Kuishusha na kupima ni dakika mbili. Sikuishusha. Mbele ya mtu aliyeandika kwamba mimi nasoma maji kwa kutazama, ningeshukaje na mti?

Niliingia kwa gia ya pili, magurudumu yote manne yakivuta. Kama mita kumi gari lilikwenda. Yangeyange akashtuka, akafungua mabawa, na hapo, kabla tope halijatushika, nilijua. Mdogo hupiga mabawa harakaharaka. Huyu aliyapiga taratibu, kama mtu anayekung'uta shuka. Alikuwa yule mkubwa. Goti la mkubwa liko juu karibu mara mbili ya goti la mdogo. Na mdomo? Nilipofika nyumbani nilifungua kitabu, ukurasa ambao nilishausoma labda mara hamsini, na pale chini kwa herufi ndogo pameandikwa kwamba wakati wa kuzaliana mdomo wa mkubwa hugeuka kuwa mweusi. Ilikuwa Aprili. Picha niliikariri. Maandishi madogo nilipita juu yake.

Tairi la kushoto likashuka, la kulia likafuata. Nilifanya ambalo namkataza kila dereva: nilikanyaga mafuta. Harufu ya krachi ikajaa gari. Tulipotulia, tope lilikuwa limefika kwenye dif chini ya gari na korongo wote ishirini walikuwa angani wanaelekea kusini.

Chai ilikuwa imemwagikia sketi ya Mama Neema. Aliniinamia, akasema chini kwa chini, "Sema ni mvua ya jana. Sema njia ilikuwa nzuri wiki iliyopita."

Elibariki alikuwa anaangalia maji. "Kimetokea nini?" akauliza.

Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni. Moja ilikuwa ya Mama Neema, na ilikuwa inaaminika, maana kweli mvua ilinyesha. Ya pili ilikuwa ya kweli, na ingenirudisha kwenye dagaa. Lakini nilifikiri hivi: huyu mtu ameandika kanuni yangu nyuma ya karatasi yake. Nikimwambia ni mvua, ataondoka nayo akiamini inatosha, na kuna dereva mwingine mahali fulani atazama na watu ndani.

"Nimemsoma vibaya ndege," nikasema. "Nilisema mdogo. Alikuwa mkubwa. Na fimbo iko juu ya gari, sikuitumia kwa sababu nilitaka uone ninavyojua."

Mama Neema alifumba macho.

Elibariki aligeuza karatasi yake, akasoma alichoandika nyuma. Kisha akasema, "Mdomo ulikuwa mweusi. Hata mimi nilisema mdogo."

"Wewe si dereva."

"Hapo kweli."

Niliita langoni kwa simu ya upepo. Wakasema gari lao lipo mbali, wataruhusu trekta litoke kijijini Sitalike, tusubiri na tusishuke. Wakati huo viboko walikuwa wanasikika upande wa mto, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Nikazima redio. Nikasema, "Sasa jamani, kwa kuwa tumeshafika, tuhesabu mia mbili."

"Baba Suzi, usinichekeshe nikakupiga," Mama Neema akasema.

"Sichekeshi. Gari limezimwa. Hakuna siku nimekaa mahali pamoja zaidi ya dakika ishirini, kwa sababu wageni wanataka kusogea. Leo hatusogei."

Tulihesabu. Mia mbili ikapita, mia tano ikapita. Mbuga ilitusahau. Karibu na taa ya mbele, ambapo maji yalikuwa na majani mapana ya yungiyungi, akatokea ndege wa kahawia mwenye vidole virefu kama vijiti, anayetembea juu ya majani bila kuzama. Alikuwa mita tatu kutoka kwenye bampa. Nikaona kitu cha ajabu: alikuwa na miguu mingi. Nikahesabu sita, kisha nane. Mwingine angesema ni ugonjwa.

"Mama Neema," nikanong'ona, nikampa darubini yangu. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuishika. "Tazama chini ya mabawa yake."

Alihangaika kumpata yule ndege. Kisha akasogea hadi dirishani. "Kuna watoto," akasema. "Amewabeba kwapani. Miguu yao inaning'inia."

"Huyo ni baba."

"Baba? Mama yuko wapi?"

"Ameshaenda kwa mume mwingine. Akishataga anaondoka. Baba ndiye anaatamia, anaogopa, anabeba."

Mama Neema hakuishusha darubini. "Huyu," akasema polepole, "angekuja Shanwe afanye semina. Ukumbi ningelipia mimi."

Elibariki alicheka mpaka gari likatikisika, na yule baba akawaweka watoto wake chini mmoja mmoja, vifaranga watatu, wakaanza kudonoa. Mama Neema aliwatazama kwa dakika ishirini na nne. Niliandika. Alipomaliza aliuliza yule mweupe kule ni nani, na yule wa buluu ni nani, na kwa nini huyu anasimama kwa mguu mmoja, na nilijibu, na Elibariki aliacha kupiga vijitiki akawa anamtazama yeye badala ya ndege.

Trekta lilifika saa nne na nusu. Dereva wake, Msukuma aitwaye Shija, mtani wetu sisi Wakonongo, alisimama nchi kavu, akaweka mikono kiunoni.

"Nyie Wakonongo! Hii ni Landkruza au jembe la ng'ombe? Mnapanda mpunga?"

"Leta mnyororo, Shija."

"Ngoja kwanza nifaidi macho. Dereva wa ndege! Uliona nini humo mpaka ukafuata?"

"Yangeyange."

"Na yeye alizama?"

Alituvuta kwa mikupuo mitatu. Mara ya kwanza mnyororo uliteleza, ya pili gari lilisogea kama kiatu kinachotolewa kwenye matope, ya tatu tukawa juu. Mimi nilikuwa nimelowa hadi kifuani, maana wa kufunga mnyororo nilikuwa mimi, na sikukubali mwingine aingie.

Langoni Elibariki alishuka kunyoosha miguu, akatuita wote wawili.

"Nitaandika mambo mawili," akasema. "La kwanza, safari hii iingie kwenye msimu. Nimeona wateja wengi wakionyeshwa ndege. Sijaona aliyekuwa hawapendi akabadilika mbele yangu ndani ya asubuhi moja." Alimtazama Mama Neema, naye akajifanya anafuta sketi. "La pili, wageni wangu hawavuki maji yoyote na wewe bila fimbo. Hata ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Siku nikisikia umevuka bila fimbo, mkataba umekwisha."

"Andika," nikasema. "Niongezee la tatu. Andika kwamba mgeni ana haki ya kuiomba fimbo."

Akaandika.

Wiki iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, nilirudi pale pale na askari mmoja kwa ruhusa, kwa miguu, nikipima. Shubiri moja na vidole vinne, na chini ya hapo uji usio na mwisho. Nikachukua mwanzi mpya, nikaukata alama kwa kisu kutoka kwenye vipimo vya kitabu: goti la mdogo, goti la mkubwa, tumbo la mdogo, tumbo la mkubwa. Nikakariri shingo badala ya mdomo, maana shingo ya mkubwa ina kikunjo kama bomba lililopindwa, na kikunjo hakibadiliki rangi kwa msimu. Kisha nikarudia kitabu kizima tangu mwanzo, maandishi madogo tu. Ilinichukua miezi mitano, kurasa mbili kila siku kabla ya kazi. Nilikuta mambo kumi na moja niliyokuwa nikiwaambia wageni kwa uhakika na hayakuwa kweli. Yote nimeyaorodhesha kwenye daftari la saba, anayetaka aje ayaone, asicheke sana.

Nimeifanya safari ile misimu sita baada ya hapo. Sikuzama tena. Nilizunguka mara nyingi, na mara nyingi tulipofika ng'ambo ndege walikuwa wameondoka. Wageni wengine walinung'unika. Niliwaonyesha waliobaki.

Mama Neema alitaka tugawane gharama za siku ile. Nilikataa. Alisema niache ushujaa, mshahara wangu anaujua. Nikamwambia mvua haikuhusika, kwa hiyo na yeye hahusiki, akate kidogo kidogo. Alikata kwa miezi sita, na kila mwezi aliniandikia risiti kwa hesabu zake za kawaida.

Vijana wanaokuja kwangu huuliza nilisoma ndege chuo gani na ada ilikuwa kiasi gani. Chuo sikusoma. Nilicholipa ni trekta la Shija, pleti ya krachi, fundi wa kuifunga na dizeli ya kwenda na kurudi: shilingi laki tano na elfu kumi na moja.